Likasi: vijana wanahukumiwa siku moja, watasikilizwa lini?

LIKASI, Haut-Katanga – Siku matokeo ya Exetat yanapotoka, mji unagawanyika mara mbili. Upande mmoja kuna nyumba zenye kelele: pudre nyeupe kichwani na usoni, honi za motari, wamama wanaimba barabarani kutoka Kikula mpaka katikati ya mji. Upande mwingine kuna nyumba zilizofunga mlango. Ndani yake kuna kijana aliyesoma ujumbe kwenye simu, kisha akaizima. Mara nyingi jua halijazama, hukumu imekwisha kutoka: “Huyu masomo yamemshinda. Kesho aende karieri.” Kama ni msichana: “Yule bwana aliyekuwa anaulizia, aitwe.” Na kama kijana anakaa siku tatu bila kula wala kusema neno: “Apelekwe chumba cha maombi, kuna kitu kimemwingia.”

Karieri, ndoa, chumba cha maombi. Hizo ndizo njia tatu ambazo familia nyingi za mji huu zinamfungulia kijana aliyevunjika moyo, na zote tatu zinafunguliwa na watu wengine. Kijana mwenyewe hajaulizwa hata swali moja.

Ni lazima jambo hili lisemwe bila kuzungukazunguka. Kufeli mtihani kunapita. Mimba ina miezi tisa, na baada yake maisha yanaendelea. Kuachwa na mchumba kunauma, kisha maumivu yanapungua. Lakini uamuzi uliokatwa jioni moja, na watu wenye hasira na haya mbele ya majirani, unaweza kumfuata mtu miaka arobaini. Hatari kubwa kwa kijana wa Likasi aliye katika shida ni haraka ya watu wazima.

Maneno matatu ambayo hayaponyi

Mtu mzima anayekutana na kijana mwenye majonzi ana maneno matatu tayari mdomoni.

La kwanza ni “vumilia”. Ni neno zuri kwa mtu anayebeba mzigo ambao mwisho wake unajulikana. Anayepanda mlima na gunia la makala anaweza kuambiwa avumilie, kwa sababu anaona juu ya mlima. Lakini msichana anayeamka usiku wa manane akiwaza, na ambaye haoni kesho itakuwaje, akiambiwa “vumilia” anasikia maneno mengine: hakuna anayekuja kukusaidia, usisumbue watu.

La pili ni “omba”. Litazungumziwa hapa chini, kwa sababu linahitaji heshima na linahitaji pia ukweli.

La tatu ni “angalia wenzako”. Mwenzako amepata diplome. Mwenzako amenunua moto. Mwenzako ameolewa, anamtumia mama yake falanga kutoka Kolwezi. Hakuna neno linalokata moyo kama hili, na wazazi wanalitumia wakiamini wanamtia mtoto nguvu. Kijana aliyeanguka anajua vizuri kuliko mtu yeyote nani amesimama. Anahesabu majina yao usiku kucha. Kumsomea tena orodha ile ile ni kumpiga palepale penye jeraha.

Kuna pia kosa la upande wa pili, na linafichwa kwa maneno ya heshima: “Wewe sasa ni mkubwa, ona mwenyewe.” Siku kijana anapofika miaka 18, baba aliyekuwa anaamua hata rangi ya shati lake ananawa mikono. Masomo gani achukue, abaki Likasi au afuate rafiki zake Kolwezi, amwoe msichana aliyempa mimba au hapana, amrudie mume anayempiga au hapana: ona mwenyewe. Mtu ambaye hajawahi kuachiwa aamue jambo dogo anaachiwa ghafla jambo kubwa kuliko yote. Kumwamulia na kumtupa vinaonekana kama vitu viwili tofauti, lakini katika nyumba nyingi vinatoka kwa mtu mmoja, katika mwezi mmoja.

“Zamani hatukuwa na washauri”

Wazee wana jibu lao: zamani hapakuwa na wanasaikolojia, na watoto walikua vizuri. Ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo yenye uzito.

Zamani hizo kijana hakuwa peke yake. Alikuwa na kambo wa kumpelekea siri, mjomba wa kumwombea msamaha kwa baba, na shangazi wa kumweleza msichana mambo ambayo mama anaona haya kuyasema. Mji nao, tangu ukiitwa Jadotville, ulikuwa na Union Minière, kisha Gécamines: nyumba, unga, hospitali, masomo ya watoto, na fwaye ambako wamama walijifunza kushona na kutunza nyumba. Kampuni ilikuwa baba mkali, lakini ilikuwapo.

Baba huyo akaondoka. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto kule Kolwezi ukaporomoka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shaba ilikuwa imeshuka chini ya tani 20,000 kwa mwaka. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakapokea malipo ya mwisho katika mpango wa kuondoka kwa hiari, uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, aliandika kitabu juu ya familia za wafanyakazi hao, na jina lake linatosha: Bana Shaba abandonnés par leur père, yaani watoto wa Shaba walioachwa na baba yao.

Katika nyumba za Panda na Shituru, mwanaume aliyekuwa akirudi na unga alianza kurudi mikono mitupu. Mama akaingia sokoni, mtoto akaingia karieri. Mtoto anayelisha nyumba haambiwi tena apumzike, hata akiwa mgonjwa wa moyo, kwa sababu siku akipumzika bukari haipikwi. Hapo ndipo mazungumzo yalipofia. Kambo amebaki kijijini, mjomba amehamia Kolwezi, shangazi anauza samaki mpaka saa mbili usiku. Anayesema “zamani hatukuwa na washauri” anasahau kwamba washauri walikuwapo, na sasa viti vyao ni vitupu.

Kuna jeraha jingine ambalo mji huu hauongei juu yake. Mwaka 1992, baada ya Étienne Tshisekedi kuchaguliwa waziri mkuu na Mkutano Mkuu wa Taifa mwezi wa Agosti, siasa ya chuki iliyokuwa ikihubiriwa katika jimbo iliwaangukia majirani wenye asili ya Kasai. Maelfu kwa maelfu walifukuzwa katika nyumba zao hapa Likasi. Walilala kwenye stesheni ya treni na katika majengo ya shule, wakingoja mabehewa ya kuwapeleka katika nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona kwa macho. Watu walikufa pale wakingoja, na wengine njiani, na watoto walikuwa wengi kati yao.

Waliokuwa na miaka kumi wakati ule, waliopanda treni na waliobaki wakiangalia, leo ni wazazi wenye zaidi ya miaka arobaini. Nani aliwauliza walichoona? Waliambiwa wanyamaze, maisha yaendelee. Walinyamaza, wakakua, wakazaa. Leo ndio wanaomwambia mtoto wao anyamaze, maisha yaendelee. Kunyamaza huko watu wanakuita nguvu. Ni kidonda kilichofunikwa tu, na kimerithiwa.

Kijana mgeni katika nyumba ya ndugu

Kama mtoto wa mji anateseka hivi, kijana aliyekimbia vita anateseka mara mbili. Familia zilitoka Mitwaba na Pweto tangu miaka ya Mai-Mai mwanzoni mwa 2000, na tena baada ya Gédéon Kyungu Mutanga kutoroka gereza la Kasapa mwaka 2011. Watu wa Tanganyika walikimbia mapigano ya Watwa na Waluba. Mwaka 2025, mwezi wa Januari na wa Februari, Goma na Bukavu zikaingia mikononi mwa M23, na barabara zikajaa watu tena.

Wengi wa waliohama hawalali kambini. Wanalala kwa ndugu, watu tisa katika vyumba viwili, na hapo kijana mgeni anajifunza haraka kwamba kila sahani ina hesabu. Akichelewa kuamka ni mvivu. Akilia hana shukrani. Akisema anaota risasi, anaambiwa: “Huku hakuna vita, sahau.” Basi anaacha kusema. Anachota maji kabla ya wengine kuamka, anakula kidogo, anacheka wengine wakicheka. Watu wa nyumba wanamsifu kwamba ni mtoto mzuri, hana matatizo.

Masomoni ni vilevile. Bileteni zake ziliungua au zilibaki nyumbani. Bila karatasi anarudishwa darasa la chini, kijana wa miaka 17 kati ya watoto wa miaka 13, na bado minervali inadaiwa. Akiacha masomo, watu wanasema hakupenda kusoma. Ukweli ni kwamba alichoka kuaibika kila asubuhi saa moja na nusu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zilizopigwa na vita, mtu mmoja kati ya watano ana tatizo la afya ya akili, kubwa au dogo. Maana yake ni rahisi kuona: katika chumba wanamolala waliohama watano, kuna mmoja anayehitaji msaada, na labda ndiye huyo asiye na matatizo.

Maombi hayana kosa. Haraka ya kutaja mlozi ina kosa

Hakuna mwenye akili atakayepigana na maombi katika mji huu. Vijana wengi wamesimama tena kwa sababu korali iliwapa mahali pa kukaa, au kwa sababu mama mmoja wa shirika la parokia alirudi kila Alhamisi kuwajulia hali bila kuchoka. Imani inayomtembelea mtu ni dawa.

Kinachopaswa kupigwa vita ni kitu kingine. Ni yule anayejiita nabii ambaye, baada ya dakika tano na kijana asiyelala, anataja jina la kambo kuwa ndiye mlozi. Ni kufunga chakula siku saba kwa mtoto ambaye tayari hali. Ni kumwambia mtu anayetumia dawa za kifafa au za akili azitupe ili aonyeshe imani. Ni kumpiga “ili roho itoke”. Na mwishoni, ni bahasha.

Sheria ya nchi haikunyamaza juu ya hili. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumtupa mtoto, kumtesa na kumshutumu ulozi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto inaliweka shutuma hilo kati ya makosa yanayoadhibiwa. Mtoto katika sheria hizo ni kila mtu aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo baba anayemfukuza mtoto wa miaka 14 usiku kwa sababu “amekula” bahati ya nyumba ni mvunja sheria, na pasta aliyempa wazo hilo ni mwenzake. Washege wanaolala karibu na soko hawakuanguka kutoka mbinguni. Kila mmoja alitoka katika nyumba fulani, siku fulani, kwa neno la mtu fulani.

Sheria hiyo hiyo inahusu njia mbili nyingine. Sheria ya familia, iliyorekebishwa mwaka 2016, haikubali ndoa ya mtu aliye chini ya miaka 18, hata kama wazazi wa pande zote wamekula pamoja na mahari imepokelewa. Na kadi ya uchimbaji mdogo inatolewa kwa mtu mzima pekee. Familia inayompeleka mtoto wa miaka 15 shimoni kwa sababu ameshindwa mtihani imemwadhibu kwa kosa ambalo si kosa, na adhabu yenyewe imekatazwa.

Neno ambalo watu wanaogopa

Kuna neno ambalo katika matanga ya Likasi halitamkwi. Kijana anakufa kwa mkono wake mwenyewe, na familia inasema ilikuwa malaria ya ghafla. Haya inaeleweka, na hakuna anayepaswa kuwanyooshea kidole waliofiwa. Lakini kwa sababu neno halitamkwi, walio hai hawapati msaada.

Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu 720,000 wanaojiua kila mwaka duniani, na kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 hiyo ni sababu ya tatu ya vifo. Shirika hilo linaeleza pia kwamba kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua hakumwingizii wazo hilo kichwani. Mara nyingi kunamtua mzigo, kwa sababu hatimaye kuna mtu mmoja aliyethubutu kuingia mahali alipokuwa amefungiwa peke yake.

Dalili zinajulikana. Kijana anagawa nguo na vitu alivyovipenda. Anasema yeye ni mzigo, kwamba bila yeye nyumba ingepumua. Anaaga watu bila safari. Analala mchana na kukesha usiku. Anaanza kunywa lutuku peke yake. Au baada ya wiki za huzuni anatulia ghafla, kana kwamba ameshakata shauri. Anayeona mambo haya asingoje mkutano wa familia. Amuulize kwa sauti ya kawaida: “Unafikiria kufa?” Kama jibu ni ndiyo, asimwache peke yake usiku huo, aweke mbali vitu vya hatari, na asubuhi aende naye kwenye kituo cha afya au hospitali. Aende naye, asimtume.

Kituo cha wagonjwa wa akili kinachojulikana zaidi katika jimbo, kile cha Dokta Joseph Guislain cha Mafrere wa Charité, kiko Lubumbashi, kilomita 120 kutoka hapa. Mtu mwenye nauli anafika. Asiye na nauli anabaki na nabii wa kona, kwa sababu nabii yuko hatua mia moja tu kutoka mlangoni.

Benchi la Harare

Watu watasema: maneno mazuri, lakini Likasi haina madaktari wa akili. Zimbabwe nayo ilikuwa na wachache mno wa kuwahesabu kwa vidole. Mmoja wao, Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa kijana ambaye familia yake ilikosa nauli ya basi ya kumleta hospitali. Baada ya hapo akaacha kungoja wagonjwa waje kwake. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare huko Harare, alianza na makambo kumi na wanne, wanawake wa mtaa waliokuwa tayari wakijitolea katika afya. Akawafundisha kusikiliza, akawaweka kwenye benchi la mbao nje ya kituo cha afya.

Makambo hao hawasemi “depreshoni”. Wanatumia neno la Kishona, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Mtu wa Likasi anayesema “niko na mawazo mingi” anaelewa neno hilo bila mkalimani. Kambo anasikiliza hadithi yote. Kisha anamwomba mtu mwenyewe achague tatizo moja kati ya mengi, na watafute pamoja hatua moja ndogo ambayo anaweza kuifanya wiki hiyo. Wiki inayofuata wanaangalia imekwendaje.

Watafiti walipima kazi hiyo kwa watu 573, na matokeo yakachapwa mwaka 2016 katika jarida la madaktari wa Marekani. Baada ya miezi sita, kati ya walioketi benchini, wasiofika 15 kwa mia walikuwa bado na dalili. Kati ya waliopata huduma ya kawaida, walikuwa karibu nusu.

Benchi ni ubao. Makambo Likasi wako. Wamama wa ukoo, walimu waliostaafu, wauguzi wa zamani wa Gécamines wanaokaa barazani mchana kutwa, wote wako. Kinachokosekana ni watu wa kuwafundisha, mtu wa kuwafuatilia, na heshima ya kuwapa kazi.

Yanayodaiwa, na kwa nani

Kwa familia: wiki moja. Baada ya matokeo mabaya, mimba, kuvunjika kwa uchumba au kufika mjini kutoka vitani, uamuzi mkubwa wowote ungoje siku saba. Katika siku hizo kijana ale, alale, na achague mwenyewe mtu mzima mmoja wa kuongea naye, hata kama si baba wala mama. Baba asione wivu. Kisha yawekwe pande mbili: yanayoweza kurudishwa na yasiyoweza. Exetat inarudiwa mwaka unaofuata, na kuna wanaoifanya hata wakiwa nje ya masomo kama otodidakti. Ndoa hairudishwi vile. Mguu uliopondwa na mwamba hairudishwi. Yasiyorudi yaamuliwe mwisho. Na mwisho huo uamuzi uwe wa kijana, huku mtu mzima akibaki karibu naye siku za baadaye, hata kama kijana amechagua lisilompendeza.

Kwa waliowapokea ndugu waliohama: mtoto mkimya achunguzwe kabla ya mtoto mkorofi. Na mgeni asilipe chakula kwa kuficha machozi.

Kwa maprefe na walimu: mwanafunzi asifukuzwe mbele ya wengine kwa deni la minervali, na kijana aliyepoteza karatasi vitani apimwe kwa anachojua, si kwa bileteni iliyoungua.

Kwa wachungaji: kila kanisa liwe na watu wawili waliofundishwa kusikiliza, na kila mhubiri ajue njia ya kwenda kituo cha afya kama anavyojua njia ya kwenda benki.

Kwa redio za mji: manabii wanapata saa nzima jioni. Wauguzi na vijana wenyewe wapewe nusu saa.

Kwa zoni za afya: kila kituo kiwe na muuguzi mmoja anayejua kumpokea mtu aliyevunjika moyo, na ubao nje ya mlango wenye kambo juu yake.

Na anayeuliza falanga zitatoka wapi aangalie malori yanayopita hapa kuelekea Kasumbalesa, usiku na mchana. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwezi wa Machi 2018 inayadai makampuni asilimia 0.3 ya mapato yao ya mauzo kwa maendeleo ya wakaaji wanaoguswa na migodi. Fungu hilo linatajwa kwa madarasa, visima na barabara, na ni vema. Lakini darasa jipya halimsaidii mtoto asiyetaka tena kuishi. Viongozi wa mitaa wanaoketi mezani kugawa fungu hilo wana wajibu wa kutaja pia nauli ya mgonjwa kwenda Lubumbashi, mafunzo ya makambo na mshahara wa muuguzi. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mezani pale viko vidole vingi.

“Watazoea kubembelezwa”

Linabaki pingamizi moja, nalo linasemwa kwa sauti kubwa kwenye nganda na nje ya makanisa: vijana wa leo ni laini, ukiwasikiliza watazoea kubembelezwa.

Vijana gani ni laini? Yule anayeshuka mita ishirini chini ya ardhi na tochi kichwani? Yule aliyetembea kutoka Mitwaba na mdogo wake mgongoni? Msichana anayeuza maandazi kabla ya masomo na kuosha vyombo baada ya masomo? Mji unaowabebesha kazi za watu wazima hauna haki ya kuwaita watoto wakati wanapotaka kusema wamechoka.

Kusikiliza hakumaanishi kukubali kila kitu. Mtu anaweza kumsikiliza kijana mpaka mwisho kisha akamwambia hapana. Tofauti ni kwamba hapana hiyo itakuwa na sababu, na kijana atakuwa ameonekana kuwa mtu. Watu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli. Lakini mkuu asiyesikia la mdogo, guu linalovunjika huwa la mdogo vilevile.

Hakuna haja ya kungoja serikali ya jimbo wala kampuni ili kuanza. Jioni ya leo, katika nyumba moja ya Kikula, ya Panda, ya Shituru au ya komine Likasi, mtu mzima mmoja azime redio, amuulize kijana mmoja: “Moyo uko namna gani?” Kisha anyamaze robo saa, asitoe shauri lolote. Atakayoyasikia yatamshangaza, na yanaweza kuwa yamengoja miaka.